Huna gari, huendeshi: namna ya kuishi Dar es Salaam kwa daladala

Sina leseni ya udereva na sitakuja kuwa nayo. Macho yangu hayaoni mbali hata nikivaa miwani. Mtu akisimama ng'ambo ya barabara namtambua kwa mwendo wake, sura siioni. Kazini, sokoni, hospitali, msibani, harusini, kote nimefika kwa daladala, kwa mabasi ya mwendokasi na kwa miguu. Nakaa Ukonga, kituo cha Mombasa, na kazi yangu iko Sinza. Kila siku ya kazi naikata Barabara ya Nyerere hadi Tazara, tunapinda kushika Mandela, tunapita Buguruni na Tabata, mpaka Ubungo, kisha nashuka Simu 2000 na kumalizia kwa mguu.

Naandika haya kwa aliyehamia mjini karibuni, kwa aliyeambiwa na daktari aache kuendesha, na kwa aliyeuza gari akaona dunia imemfungia mlango. Watu watamwambia "utazoea tu". Mimi nasema kuzoea hakutoshi. Daladala haina ratiba iliyobandikwa kituoni, lakini ratiba ipo: iko kichwani mwa konda, kwa mama anayeuza chai alfajiri, kwa mpiga debe. Kazi yako ni kuichota huko na kuifanya yako.

Hatua ya 1: Tafuta kituo kabla ya kutafuta chumba

Mwenye gari huanza na nyumba. Wewe anza na kituo. Dalali akikwambia "kituo hapo tu, dakika tano", mshukuru, kisha toka mlangoni mwa nyumba hiyo utembee mwenyewe ukiangalia saa. Fanya hivyo mara mbili. Mara ya kwanza iwe saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi, uone kama magari yanayopita yana nafasi au konda ananing'inia mlangoni. Mara ya pili iwe baada ya saa tatu usiku, uone kama njia ina taa, kama maduka yako wazi, kama kuna watu wanaotembea.

Chumba cha bei nafuu kilicho ndani sana kinaweza kuwa ghali kuliko unavyodhani. Piga hesabu. Bodaboda ya shilingi 1,000 kwenda kituoni na 1,000 kurudi, siku 26 za mwezi, ni shilingi 52,000. Ongeza hiyo kwenye kodi ndipo ulinganishe na chumba cha barabarani.

Kabla hujalipa, kaa kituoni unywe chai. Mwulize anayekuuzia mambo matatu: hapa yanapita magari ya wapi na wapi, la kwanza linapita saa ngapi, la mwisho saa ngapi. Yeye amefika kabla ya gari la kwanza, kwa hiyo anajua kuliko dalali na kuliko mwenye nyumba.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni hili: kituo kilicho mwanzo wa njia na kituo kilicho katikati ni maisha mawili tofauti. Anayepandia Gongo la Mboto, Mbagala Rangi Tatu au Tegeta Nyuki anakaa kwenye siti. Anayepandia katikati anasimama, au analiacha gari lipite, na la pili, na la tatu. Mimi nipo katikati na nimelipa gharama yake, nitaieleza mbele. Kama una maumivu ya mgongo, una ujauzito, au unasafiri na mtoto mdogo, afadhali ukae mbali zaidi na mji lakini uwe mwanzo wa njia.

Pia chagua mahali penye njia mbili za kutokea. Wa Kigamboni wana kivuko cha Magogoni, na tangu 2016 wana daraja. Kivuko kikiwa na foleni wanazunguka kwa daraja. Mtaa wenye njia moja tu, siku barabara ikifungwa, unabaki umekaa.

Hatua ya 2: Jifunze kulisoma gari

Mbele ya daladala pameandikwa ncha mbili za njia, kwa mfano "G/Mboto – Simu 2000". Ubavuni kuna mstari wa rangi, na njia tofauti zina rangi tofauti. Kwa mtu wa macho kama yangu rangi hiyo ni neema. Maandishi nayasoma gari likishafika; rangi naiona likiwa bado mbali. Chukua siku mbili tatu ukariri rangi za magari yako matatu makuu.

Kosa la wageni ni kusoma ncha mbili na kusahau katikati. Magari mawili yanaweza kutoka Mwenge kuelekea mjini, yakaenda pamoja hadi Morocco, halafu moja likashika Kawawa kuelekea Kinondoni na Magomeni, jingine likanyoosha Ali Hassan Mwinyi kuelekea Salender na Posta. Ukikosea hapo umepotea kabisa. Kwa hiyo usimwulize konda "unaenda mjini?" maana atasema ndiyo. Taja kituo chako: "Konda, unapita Magomeni?" Akisema "panda, panda" bila kutaja jina la kituo, uliza tena, au mwulize abiria aliye dirishani. Abiria hana sababu ya kukudanganya.

Swali la pili la mlangoni, hasa jioni: "Unafika mwisho?" Foleni ikizidi, madereva wengine hukatisha ruti, wanageuzia katikati ili wawahi tripu nyingine. Kukatisha ruti ni kosa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, inaliadhibu. Likikukuta, usishuke kimya. Dai sehemu ya nauli yako hapo hapo kabla gari halijageuza, na abiria wenzako watakuunga mkono. Gari likishaondoka, hela nayo imeondoka.

Majina ya vituo yasikubabaishe. Kituo changu ni Mombasa na kiko Ukonga. Kuna Morocco, kuna Argentina ya Manzese, kuna Banana, kuna Bamaga, kuna Afrika Sana. Jina la kituo si lazima liwe kwenye bango lolote. Linaishi midomoni mwa watu. Hata neno daladala lilizaliwa midomoni mwa makonda: dala ilikuwa sarafu ya shilingi tano, nao waliinadi nauli hiyo, "dala, dala!" Ukielekezwa mahali, usiridhike na jina la barabara. Uliza: "Nikishuka kwenye daladala niseme nashuka wapi?"

Hatua ya 3: Andika ratiba yako mwenyewe

Kwa wiki mbili za kwanza, weka daftari dogo mkobani au andika kwenye simu. Mambo manne tu: saa uliyofika kituoni, saa uliyopanda, saa uliyoshuka, na ulikaa au ulisimama. Baada ya wiki mbili utaona kitu ambacho hakuna atakayekuambia.

Daftari langu lilinionyesha kwamba nikifika kituoni saa kumi na moja na nusu alfajiri natumia kama saa moja na robo mpaka Simu 2000. Nikifika saa kumi na mbili na robo, yaani nikichelewa dakika arobaini na tano tu, safari inakula karibu saa mbili na nusu, nyingi nikiwa nimesimama Mandela nikitazama matairi ya malori ya bandarini. Lilinionyesha pia kwamba Jumatatu ni mbaya kuliko siku zote, na kwamba shule zikifungwa njia hulegea. Tangu hapo naamka mapema. Ninalala mapema pia, na majirani wamezoea kwamba baada ya saa tatu usiku sipokei simu.

Jioni usitegemee kwamba foleni ni ile ile ikigeuzwa. Kurudi kwangu, saa kumi na moja hadi saa moja usiku ndiyo saa mbaya. Nikichelewa kutoka kabla ya saa kumi na moja, nabaki kazini nimalize vitu vya kesho, natoka saa moja na nusu. Nafika nyumbani muda unaokaribiana na wa aliyetoka saa kumi na moja na nusu, ila yeye amefika amechoka.

Hatua ya 4: Nauli na chenji

Nauli za daladala zinapangwa na LATRA kwa urefu wa njia. Viwango vilivyoanza Desemba 2023 viliweka shilingi 600 kwa njia isiyozidi kilomita 10 na shilingi 700 kwa kilomita 11 hadi 15, na kupanda kwa kadiri njia inavyorefuka. Mwanafunzi aliwekewa 200. Mara nyingi ukishuka katikati unalipa nauli ya njia nzima, kwa hiyo usigombane na konda kwa hilo.

Tenga hela ya nauli usiku, iweke mfuko wake peke yake. Asubuhi ndani ya gari lililojaa si mahali pa kufungua pochi na kuhesabu noti. Beba sarafu za 100, 200 na 500. Ukitoa noti ya elfu kumi alfajiri unamtesa konda na unajitesa mwenyewe, kwa sababu chenji yako utaisubiri hadi karibu na kushuka. Konda anapogongagonga sarafu mkononi, ndiyo anadai: toa. Ukidai chenji, idai mapema kwa upole: "Konda, mia nne yangu usiisahau." Wakati mwingine atakupa noti moja wewe na mwenzako mgawane. Usikubali kabla hujajua mwenzako anashuka wapi. Kama anashuka kabla yako, mgawane pale pale.

Hatua ya 5: Kupanda

Usigombanie mlango. Nimeona watu wazima wakipitia dirishani, nimeona viatu vikibaki barabarani na simu zikipotea kwenye msukumano ule. Mkoba uwe kifuani, simu isiwe mkononi. Simama pale ambapo mlango husimama, na mahali hapo unapajua kwa kutazama siku chache magari yanavyoegesha. Hatua nne za kulia au kushoto ndizo zinazotenganisha siti na kusimama. Waache wanaoshuka washuke.

Sasa niseme juu ya kugeuza, maana ndiyo inayonibeba. Kituo changu kiko katikati, magari yanafika yamejaa. Kwa hiyo asubuhi navuka barabara, napanda gari linaloelekea Gongo la Mboto, lile linalokwenda kumalizia, nakaa kwenye siti, linafika mwisho, linageuza, nami sishuki. Nalipa nauli mbili. Wapo wanaosema ni kupoteza hela. Mimi napima hivi: nauli ya ziada inaninunulia saa moja na robo ya kukaa, siku nzima miguu yangu ni mizima, na mkoba wangu uko mapajani naushika kwa mikono miwili. Mwambie konda mapema, "nageuza", ili asikudai ushuke kule mwisho. Na wanaopandia mwisho wakikunung'unikia kwamba umewachukulia siti, wasalimie. Nao wamechoka.

Chagua siti kulingana na safari. Siti ya nyuma ya dereva ni nzuri kwa wasioona vizuri, kwa sababu unasikia kila kinachosemwa kati ya dereva na konda. Kwenye injini pana joto, miguu inaungua kufika Buguruni. Dirishani pana hewa, lakini gari likisimama kwenye foleni ficha simu. Mkono unaingia kutoka nje na kutoka kabla hujasema lolote.

Hatua ya 6: Kushuka, na hapa uwe na sauti

Hapa ndipo wageni wanapoteza vituo vyao. Daladala haisimami kila kituo. Gari linapokaribia, konda anauliza: "Banana wapo?" Kama kuna anayeshuka lazima ajibu, na ajibu kwa nguvu: "Shusha!" Ukinyamaza, au ukiinua mkono kama darasani, konda anagonga bati, "twende!", dereva anakanyaga mafuta na kituo chako kinabaki nyuma.

Nilipokuwa mgeni nilikuwa naona aibu kupaza sauti mbele ya watu. Nilipitilizwa mara nyingi, narudi kwa mguu juani huku machozi yakinilenga. Siku moja bibi aliyekaa pembeni yangu alinigusa goti akaniambia, "Mwanangu, humu ndani anayenyamaza ndiye anayesumbua watu, maana akipitilizwa ndipo anapiga kelele. Sema mapema." Tangu siku hiyo nafanya hivi: nikilipa nauli nataja kituo, "Konda, mimi Mombasa." Vituo viwili kabla nasogea karibu na mlango nikisema "samahani, napita, nashuka mbele." Konda akiuliza najibu "Shusha!", na kama hakuuliza nasema mwenyewe, "Mombasa kuna mtu!"

Kama hujui njia, hesabu vituo kwa alama za sikio na pua pia, si za macho tu. Mimi najua Tazara kwa kona na honi za malori, Banana kwa kelele za wapiga debe, na karibu na kwetu kuna matuta matatu mfululizo yanayolirusha gari. Gari likiruka la tatu, nasimama.

Ukishuka, usivuke barabara mbele ya gari ulilotoka. Subiri liondoke. Dereva wa gari jingine hakuoni, na pikipiki inayopita pembeni haikuoni kabisa.

Hapa niweke neno juu ya wanafunzi. Kwa sababu nauli yao ni ndogo, makonda wengine huwazuia mlangoni, na mtoto wa darasa la tatu anabaki kituoni tangu saa kumi na mbili mpaka kengele ya shule inagonga. Sisi tusio na magari ndio tunaoliona hili kila asubuhi, kwa hiyo ni letu. Ukiwa mlangoni sema: "Konda, waache watoto wapande." Sema mara moja tu, kwa utulivu, na wengine wataitikia. Mkoba wa mtoto aliyesimama mpokee umpakatie. Haipunguzi siti yako.

Hatua ya 7: Unganisha na mwendokasi

Mwendokasi ya Barabara ya Morogoro, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016, inatoka Kimara hadi Kivukoni, ikiwa na matawi ya Gerezani na Morocco. Ina njia yake yenyewe, kwa hiyo faida yake kubwa iko saa zile ambapo daladala imenasa. Ukitoka Mandela kwenda Posta, shuka Ubungo uingie humo. Andaa kadi au tiketi kabla ya foleni kukufikia. Soma ubao wa mbele unaoonyesha mwisho wa safari, na uliza kama basi linasimama kila kituo, kwa sababu mengine huruka vituo. Milango inafunguka yenyewe na hakuna wa kumwambia "shusha", basi sogea mlangoni mapema. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, kituo kilichoinuliwa sawa na sakafu ya basi ni jambo ambalo Coaster haiwezi kumpa.

Hatua ya 8: Siku ya mvua

Masika ya Machi hadi Mei yanabadilisha kila kitu, na vuli ya mwisho wa mwaka nayo haiko mbali. Sehemu ya kwanza ya kuuliza habari zake ni Jangwani, ambako Barabara ya Morogoro inakatiza bonde la Mto Msimbazi. Mto ukifurika, barabara hufungwa pale na mwendokasi inabadilisha njia. Foleni yote inahamia barabara nyingine, hata zile ambazo hazijaguswa na maji.

Kwa hiyo mvua ikinyesha usiku, usisubiri asubuhi kuona. Amka dakika arobaini mapema. Sikiliza redio, au mpigie mtu anayekaa mbele yako kwenye njia. Vaa kandambili, viatu vya kazini viweke kwenye mfuko wa nailoni. Mwambie bosi wako mapema, kabla ya saa ya kuingia, kwa sababu taarifa ya saa kumi na mbili inapokelewa vizuri kuliko ya saa tatu. Na kama si lazima utoke, usitoke. Dobi, saluni na kuchukua mzigo Kariakoo vinaweza kungoja kesho.

Hatua ya 9: Safari zenye saa isiyosubiri

Miadi ya Muhimbili, usaili wa kazi, basi la mkoani: kwa safari hizi usitumie muda wa daftari lako, tumia mara mbili yake. Kama huijui njia, ifanyie mazoezi siku moja kabla, hasa ukimpeleka mgonjwa. Mimi nilipompeleka mama yangu kliniki, nilikwenda peke yangu kwanza nikaangalia ni mlango gani uko karibu na kituo na wapi pana benchi la kupumzika. Siku yenyewe tulitoka gizani tukafika mapema, mama akanywa uji nje ya geti bila haraka. Kurudi tulichukua bajaji, maana alikuwa amechomwa sindano na hakuweza kusimama. Pesa hiyo nilikuwa nimeiweka kando wiki nzima. Kutegemea daladala maana yake pia ni kuwa na akiba ya siku ambayo daladala haifai.

Basi la mkoani ni somo lake lenyewe. Stendi Kuu ya Magufuli iko Mbezi Luis, na mabasi mengi huondoka alfajiri kabla daladala hazijachangamka. Kutoka upande wetu kuna barabara ya Kinyerezi na Malamba Mawili inayotokea Mbezi bila kupita mjini. Usitegemee kuikuta daladala humo saa tisa usiku. Una njia tatu: chagua basi la saa tatu au saa nne asubuhi, omba kulala kwa ndugu wa Kimara au Mbezi, au kubaliana bei na dereva wa bajaji unayemfahamu tangu jana yake mchana. Mimi napenda ya pili. Ndugu anafurahi kukuona na unalala usingizi mzito.

Hatua ya 10: Usiku

Jua gari la mwisho la kituo chako, kisha jipe saa moja kabla yake iwe ndiyo mwisho wako. Usipande gari lenye konda, dereva na abiria mmoja tu. Kwenye daladala ya usiku kaa mbele, karibu na wanawake wenye mizigo wanaorudi kutoka sokoni. Mtu akikushika vibaya, usihame siti kimya. Sema kwa sauti, "Kaka, toa mkono wako." Gari zima litageuka, na konda mwenye akili atamshusha.

Bodaboda ya usiku iwe ya mtu mnayejuana, wa kijiwe cha kituoni kwenu, na namba yake iwe kwenye simu yako. Mtumie nyumbani ujumbe ukipanda na ukishuka.

Hatua ya 11: Ukisahau kitu ndani ya gari

Kila ukipanda, kariri kitu kimoja cha gari hilo: herufi tatu za mwisho za namba, au maandishi ya kioo cha nyuma, au rangi ya vitambaa vya siti. Namba itakusaidia pia ukitaka kulalamika LATRA. Ukisahau kitu, usilikimbize gari kwa bodaboda. Daladala inakwenda na kurudi, itapita hapo hapo ulipo, au utaikuta mwisho wa njia.

Mwaka juzi niliacha miwani yangu. Niliivua kuifuta vumbi, nikaiweka mapajani, konda akaita kituo nami nikasimama. Nilipokanyaga chini dunia yote ilikuwa ukungu. Nikavuka kwa kushikwa mkono na kijana wa bodaboda, nikapanda gari la kwenda Gongo la Mboto, nikamweleza msimamizi wa magari pale mwisho: Coaster, nyuma imeandikwa "Mungu Yupo", herufi za mwisho za namba hizi hapa. Akasema, "Hilo limeshageuza, lipo njiani kwenda Simu. Kaa hapa kwenye kivuli, dada." Nilikaa zaidi ya saa tatu nikila karanga. Gari lilipoingia, konda aliruka chini kabla halijasimama, akaenda moja kwa moja kwenye dashibodi. Miwani ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa chake cha kufutia jasho. Akaniambia, "Nilijua ni ya mtu wa Mombasa, ila sikujua nikuulizie kwa jina gani."

Tulibadilishana namba siku hiyo. Nawe omba namba ya konda mmoja wa njia yako, mwaminifu, umpe na yako. Siku ambazo gari lake liko zamu ya alfajiri, saa kumi na moja na dakika kumi simu yangu inatikisika mezani nikiwa nakunywa chai: "Dada tunaanza kugeuza, toka."